Dada amefariki, mtoto wake anapiga wenzake: tusubiri asahau?

Swali: Naishi Pasua, Moshi, nina miaka 26, nauza mitumba soko la Memorial. Dada yangu alifariki mwezi wa pili mwaka huu akaniachia mtoto wake wa kiume wa miaka 8, yuko Darasa la Pili. Zamani alikuwa mpole kabisa. Sasa ni mkaidi, ukimtuma anajifanya hasikii, shuleni anapigana kila wiki, na mwezi uliopita alimng'ata mwenzake sikio. Nimeitwa shule mara nne. Nimemchapa, mwalimu naye amemchapa, hakuna kilichobadilika. Mama yangu aliyeko Kibosho anasema ni utoto, atakua atasahau, na tusimtajie mama yake tusije tukamtonesha kidonda. Mwanzo tulimwambia mama kasafiri, baadaye bibi akamwambia mama amelala pale migombani. Wanajumuiya wanamwombea. Tangu mwezi wa nne amerudia kukojoa kitandani, na alikuwa ameacha tangu ana miaka minne. Mwezi wa nane tulipopanda Kibosho, bibi alikuta daftari lake la kuhesabu juu ya kaburi, limewekewa jiwe lisipeperuke. Bibi akashtuka, akasema haya sasa ni mambo mengine. Nisubiri au nimpeleke wapi? Naogopa wasije wakamwandika kichaa.

Jibu: Mdogo wangu, pole na msiba. Naanza na pole kwa sababu katika barua yako yote hukujihesabu kuwa na wewe umefiwa. Umemtaja mtoto, mama, mwalimu na wanajumuiya, halafu wewe mwenyewe umejitaja kama mtu wa kuitwa shule tu. Nitalirudia hilo.

Swali lako lina jibu fupi: usisubiri. Na mtoto huyo si kichaa.

Umeeleza kwa kirefu habari za ngumi na ukaidi, mkojo na daftari ukaviweka mwishoni kama vitu vya pembeni. Mimi barua yako niliisoma kutoka chini kwenda juu. Hebu fikiria: mtoto ameambiwa mama kasafiri. Kisha ameambiwa mama amelala pale migombani. Aliyesafiri hurudi, aliyelala huamka. Basi naye amefanya lililo mantiki kabisa, amempelekea mama kazi yake ya shule aione, akaweka na jiwe ili upepo usichukue. Bibi aliona mizimu. Mimi naona mtoto mwenye akili zake timamu anayezitumia vizuri taarifa mbovu alizopewa na watu wazima.

Hili la "atasahau" nalisikia karibu kila wiki, na husemwa na watu wenye upendo. Linatokana na kitu cha kweli wanachokiona: mtoto aliyefiwa analia asubuhi, saa nne anacheza mpira wa makaratasi na wenzake, anacheka. Mtu mzima akimwona anasema, "Unaona? Yameisha." Hayajaisha. Mtoto hawezi kukaa ndani ya huzuni siku nzima kama sisi tunaokaa kwenye turubai. Huingia, hutoka, akacheza, kisha huingia tena, mara nyingi kwa mlango ambao hukuutegemea. Anamng'ata mtu sikio. Anagoma kuoga. Anavunja kikombe. Watoto wa kiume hasa, ambao tangu wadogo wameambiwa wanaume hawalii, hutoa kwa mikono kile ambacho wangekitoa kwa machozi. Ningependa sana kujua huyo wa sikio alisema nini dakika moja kabla. Ukimuuliza mwalimu "alifanya nini?" utapewa orodha ya makosa. Muulize "kabla ya hapo kulitokea nini?" Sitashangaa ukikuta kuna mtoto aliyesema "mama yako".

Kuna jambo lingine kuhusu maneno yetu ya msibani. Kumwambia mtoto kwamba mama "amelala" kunaweza kumfanya aogope usingizi wenyewe, kwa sababu ameona kwa macho yake kwamba mtu hulala kisha anawekwa chini ya udongo. Kusema "Mungu alimpenda zaidi" nako kuna shida yake. Nimewahi kukaa na mtoto aliyekuwa akifanya utundu kila Jumapili kanisani, hadi siku moja akanieleza kwa utulivu kabisa: Mungu huwachukua anaowapenda, kwa hiyo yeye hataki apendwe. Tangu siku hiyo nachunga sana tunachowaambia watoto kwenye matanga.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haiko hospitali. Iko kwenye kitanda au kigoda chako, wewe na yeye. Mwambie ukweli kwa maneno machache na ya wazi. Tumia neno "amekufa", si "ametutoka" wala "amepumzika". Unaweza kusema hivi: "Mama yako aliugua sana. Madaktari walijaribu, wakashindwa. Mwili wake uliacha kufanya kazi, akafa. Mtu akifa harudi. Tulikuambia kasafiri kwa sababu tuliogopa utaumia. Tulikosea, nisamehe. Hakuna ulichofanya wewe kilichomfanya afe." Sentensi hiyo ya mwisho usiiache hata kama inaonekana haina maana. Watoto wa umri huo hujipa makosa kimyakimya: nilimkasirisha siku ile, nilikataa kwenda dukani, ndiyo maana akaugua. Hawatakuuliza. Utawaondolea mzigo ambao hukujua wameubeba.

Baada ya kusema, nyamaza. Anaweza kulia, anaweza kuuliza kama anaweza kupata chai, anaweza kutoka nje kucheza. Yote ni sawa. Maswali yatakuja baadaye, pengine ukiwa unamenya ndizi: "Kule chini hana baridi?" "Anakula nini?" Jibu vilevile kwa ukweli: mwili uliokufa hausikii baridi wala njaa. Mambo ya roho na mbinguni mweleze kama imani ya nyumbani kwenu inavyofundisha, ila usiyatumie kufunika neno "amekufa". Na usiogope kumtonesha. Kidonda kipo tayari, tena kimekaa miezi tisa bila mtu kukitazama. Kwa umri wa miaka 8 watoto wengi wanaweza kuelewa kwamba kifo ni cha moja kwa moja, mradi waambiwe.

Bibi usimruke. Amempoteza mwanawe, na kukataa kwake kumtaja marehemu yawezekana ni namna yake ya kubaki amesimama. Panda Kibosho peke yako siku moja bila mtoto, umwambie utakachofanya kabla hujakifanya. Usimwambie mtaalamu kasema alikosea. Mwambie mtoto bado anamsubiri mama yake pale kaburini. Sidhani kama atahitaji maelezo zaidi.

Sasa mkojo. Mtoto wa miaka 7 au 8 ambaye hajawahi kuacha kukojoa kitandani si jambo la ajabu, wako wengi. Aliyekauka kwa miaka kisha akarudia ni habari nyingine, na hata pale ambapo msiba unatosha kueleza, kuna vitu vya kuondoa kwanza. Mpeleke kituo cha afya apimwe mkojo na sukari. Maambukizi kwenye njia ya mkojo hufanya hivyo, kufunga choo hufanya hivyo, na kisukari cha watoto pia. Ukiona anakunywa maji kupita kawaida, anakojoa sana hata mchana, na anakonda, usingoje hadi kesho. Nyumbani apunguze vinywaji saa mbili za mwisho kabla ya kulala, chai hasa, na akojoe kabla ya kupanda kitandani. Godoro likilowa mnalitoa pamoja bila hotuba, na asianikwe nalo uani majirani wakamwita kikojozi. Hapo hapo kituoni mwambie mhudumu amtazame masikio. Mtoto "anayejifanya hasikii" mara nyingine kweli hasikii, na nimeona adhabu nyingi zilizotolewa kwa sababu ya sikio linalotoa usaha. Kama kuna nyakati anakodoa macho sekunde chache kama hayupo, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, sema pia. Kuna aina ya kifafa isiyoangusha mtu.

Fimbo umesema mwenyewe haikubadilisha kitu, kwa hiyo sitakuchosha. Nitasema moja tu. Mtoto anayepigana kwa sababu ana hofu, ukimpiga, hofu inaongezeka, na aliyebaki kumkimbilia ni wewe. Mtu anayempiga na mtu wa kumkimbilia wasiwe mmoja. Kuhusu shule, kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema achape mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na visizidi vinne. Huhitaji kwenda kumsomea mwalimu wa darasa kanuni. Ana darasa lililofurika na hajui habari ya msiba kama hukumweleza. Je, ulimweleza? Hukuandika. Nenda saa ambayo hakuna kesi, mwambie mama wa mtoto alikufa mwezi wa pili na nyumbani ndiyo kwanza tunaanza kulizungumza. Kisha omba vitu viwili vidogo: akae mbele, na mwalimu akimwona anaanza kufura, amtume alete chaki ofisini. Kutumwa kunamtoa kwenye moto bila kumwaibisha. Walimu wengi hukubali wakiombwa kitu kidogo hivyo.

Nyumbani fanya mambo mawili kwa wiki mbili, usizidishe. La kwanza, kila siku mpe dakika kumi na tano zako, simu ikiwa mbali, mfanye anachotaka yeye. Achore, apange vifungo vya mitumba kwa rangi, lolote. Humfundishi, humuulizi maswali, humkosoi. Unafuata. Na dakika hizo hazifutwi hata siku aliyokosea, kwa sababu si zawadi. Najua unatoka Memorial miguu inauma. Ndiyo maana nimesema kumi na tano, si saa nzima.

La pili, nunua daftari dogo. Kila anapolipuka andika siku na saa, kilichotangulia, alichofanya, na ulichofanya wewe. Mistari minne basi. Baada ya wiki mbili litakuonyesha kitu ambacho kichwa kilichochoka hakikioni: labda ni Jumatatu tu, labda ni siku ulizochelewa kurudi naye akadhani na wewe umesafiri. (Kwa mtoto aliyedanganywa kwamba mama kasafiri, kuchelewa kwako si kuchelewa. Ukitoka mwambie saa ya kurudi, ukikwama piga simu kwa jirani.) Ukitaka atii, mwite jina, msogelee, mpe agizo moja: "Weka viatu mlangoni." Akiweka, taja alichofanya: "Umeweka viatu mara moja, asante." Watoto wetu husikia makosa yao kwa majina na mazuri yao kwa kimya. Vituko vidogo vya kutafuta macho yako viache vipite. Lakini nikutahadharishe, ukianza kuvipuuza vitaongezeka kwanza, kwa siku kadhaa, kwa sababu anajaribu kama mlango kweli umefungwa. Wengi hukata tamaa hapo hapo na kurudia fimbo. Kupiga na kung'ata usikupuuze: shika mkono wake, sema "Sitakuacha umpige mtu," mwondoe, maneno mengine yasubiri atulie.

Ukifanya yote hayo, bado nataka aonwe na mtu aliyesomea. Miezi tisa ni mirefu. Tunaotibu watoto, tukiona huzuni imepita nusu mwaka na inaharibu shule, usingizi na urafiki, hatuiiti tena majonzi ya kawaida ya kuachia muda. Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18, na mengi hayatambuliwi. Hapo Pasua anza na kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa kwenda hospitali ya Mawenzi au KCMC kwenye huduma za afya ya akili, useme wazi ni mtoto. Wasomaji wa Arusha, kwenu ni hospitali ya Mount Meru. Afisa ustawi wa jamii wa manispaa naye ni mlango, hasa kwa kuwa unalea mtoto wa marehemu na huenda kuna mambo ya matunzo na haki zake ambayo hujayagusa. Namba 116 ni simu ya bure ya kusaidia watoto. Mzazi au mlezi anaweza kupiga kuuliza, na mtoto mwenyewe pia.

Hofu yako ya kuandikwa kichaa naielewa. Mji huu mtu akisema "umetoka Mirembe", hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, ametukana. Ila kliniki ya mtoto haifanani na unachokifikiria. Siku ya kwanza ni maongezi tu, mengi yakiwa na wewe: alizaliwaje, alianza kutembea lini, nyumbani nani yuko. Yeye atapewa karatasi na kalamu za rangi. Hakuna anayefungiwa, na kwa hali unayoielezea dawa si kitu cha kwanza kufikiriwa. Kinachosaidia watoto kama huyu ni maongezi ya kupangwa, ambapo mtoto anafundishwa kutuliza mwili wake, kisha polepole anasimulia yaliyotokea, na mlezi anafundishwa pembeni. Hilo limejaribiwa hapa hapa Moshi na Bungoma, Kenya, kwa watoto 640 waliofiwa na mzazi, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Washauri hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo na kusimamiwa. Vikao vilipoisha, watoto wa Moshi mjini walikuwa na dalili chache kuliko wenzao waliopata msaada wa kawaida. Nikuambie na upande wa pili: mwaka mmoja baadaye Kenya tofauti iliendelea kuonekana, kwetu haikuonekana tena. Mimi nalichukulia hivi, kwamba vikao vinafungua njia, na anayebaki kutembea nayo ni nyumba. Wanajumuiya waendelee kumwombea. Wamwombee kwa jina, na mmoja wao akubali kukaa na mtoto jioni moja kwa wiki ili wewe ulale.

Kuna hali ambazo haya ya wiki mbili na madaftari huyaweki mbele. Akisema anataka kufa, au anataka kumfuata mama, usimkemee na usidhani ni maneno ya kitoto. Mwulize anamaanisha nini, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo akijiumiza, akichoma vitu moto, au akianza kukataa kabisa kula au kuzungumza. Na kwa kuwa mtoto aliyefiwa hupita mikononi mwa watu wengi, mtazame pia kwa jicho hilo: akianza michezo ya kingono isiyo ya umri wake, au akamwogopa mtu fulani ghafla, msikilize bila kumhoji kama polisi. Ukijua amefanyiwa ukatili wa kingono, hospitali kwanza na ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI lazima ziwahi, la sivyo hazisaidii. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi linafuata.

Sasa wewe. Una miaka 26, umemzika dada, na kesho yake ukawa mama. Unapomwambia mtoto ukweli sauti itakutetemeka. Iache itetemeke, ataona kwamba mama mdogo naye analia na bado chakula cha jioni kinapikwa. Ukifika kliniki wakakuuliza habari za mtoto tu, waambie na zako. Usingizi wako ukoje, unakula? Ni sehemu ya matibabu yake.

Desemba inakaribia, na ukoo mzima utapanda mlimani. Itakuwa Krismasi ya kwanza bila yeye, kihamba, yaani shamba la ukoo, kimejaa watu, mbege, pombe ya ndizi, inazunguka, na kaburi liko pale pale watu wanapopita. Usimsafirishe kabla hujamweleza. Mkifika, kabla ya wageni kujaa, nenda naye kaburini wewe na yeye. Kama anataka kupeleka kitu, apeleke. Asipotaka kusogea, msisogee. Na lile daftari la kuhesabu, muulize bibi taratibu kama bado analo. Ukilipata, kabla hujamrudishia mwenyewe, tazama ni ukurasa gani aliouacha wazi chini ya lile jiwe, kisha siku ya kliniki uende nalo.